Nyimbo Saba kwa Gitaa Kavu

Karakana ya Makochi,
Mlango wa nyuma, mkabala na kiwanda cha chapa.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa kumi na moja.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Natumaini barua itakukuta mzima, wewe na wifi na wale mapacha, na kwamba mgongo umepata nafuu tangu walipokutoa kwenye mashine za kufulia za hospitali wakakuweka kwenye meza ya kukunja mashuka. Wifi aliniambia sasa unakunja hata taulo za nyumbani kwa pembe nne zilizolingana, na ole wake atakayezigusa.

Mama hajambo. Goti lake la kushoto bado ndilo linalotutabiria mvua, na kusema kweli linapatia kuliko redio. Miwani uliyomletea imemfaa sana, ila imetuletea balaa: sasa anaona vumbi lote ambalo zamani lilikuwa likimstahi.

Mimi kazi ipo. Wiki hii nimevalisha upya viti kumi na viwili vya chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Vyote vilikuwa vimekwanguliwa kitambaa cha mkono wa kulia hadi sponji inachungulia. Nilikuwa nikivishona huku nikiwahurumia watu nisiowajua.

Kaka, nimekueleza hayo yote kwa sababu nakwepa. Wewe ndiye unayenijua. Tangu utoto nikivunja kikombe naanza kwa kusifia sahani.

Mara tatu umepiga simu ukimtaka shemeji yako, na mara tatu nimekudanganya. Mara ya kwanza nilisema anaoga. Mara ya pili nikasema amelala. Mara ya tatu nikasema kaenda kwa kinyozi, nawe ukacheka ukauliza Ngurumo ana nywele gani za kumpeleka huko. Mara zote hizo alikuwa amekaa kando yangu, anakusikia. Hawezi kuzungumza kwenye simu. Hawezi kuzungumza kabisa. Wiki saba zilizopita walimwondoa koromeo lote.

Kama umesimama, kaa. Nitakueleza kuanzia mwanzo, na ukifika mwisho utanihukumu mwenyewe, kwa kuwa mimi nimeshajihukumu na sina hakika kama nilikuwa hakimu wa haki.

Habari za mwaka jana unazo: ule uvimbe kooni, ile operesheni ya kwanza, kisha mionzi ya wiki sita. Tulikwambia amepona, na tuliamini hivyo. Tusichokwambia ni jinsi alivyotoka. Mtu aliyekuwa akiita "karatasi imekwama!" na mtambo mzima wa chapa ukasimama, alirudi kazini na sauti ya mlango unaoburuzwa juu ya mchanga. Akiita hakuna anayegeuka. Bwana mkubwa wa kiwanda akamhamishia meza ya kukata na kujalidi, kwa wema, na wema ule ukamuuma kuliko tusi.

Nyumbani alinyamaza. Ngurumo, kaka! Yule uliyemwambia siku ya kwanza kwenye darasa la muziki kwamba hahitaji kipaza sauti, anahitaji leseni. Yule aliyekuwa akipiga kelele ya mwisho ya ule wimbo wa dereva wa lori asiye na breki, mpaka Mama anafunga madirisha mtaa mzima ukiwa umeshasikia. Miezi minane hakuimba hata bafuni. Redio ikipiga roki ya zamani, anainuka na kuizima taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Mimi ndiye niliyelianzisha. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nasubiri gundi ikauke kwenye kochi. Gitaa kavu la zamani lisilotumia umeme, lile la nyuzi zenye kutu ulilokataa kusafiri nalo, lilikuwa limening'inia juu ya mashine ya kushonea. Nikalishusha. Mimi ni mtu wa gitaa la besi, unajua; vidole vyangu ni vizito. Nikajaribu ule wa dereva wa lori, lakini kwa mkono mmoja wa fundi aliyechoka. Ule mdundo wako wa gitaa la umeme, uliokuwa ukiingia kama watu kumi wanavunja mlango, nikauweka kwenye dole gumba, chini kabisa, unatembea polepole. Nikashusha ufunguo wa sauti mara mbili, mara tatu. Palipokuwa na kelele nikavuta uzi tu, ukalia kidogo kama paka aliyekanyagwa mkia kwa bahati mbaya.

Halafu nikayasoma maneno kwenye lile daftari lako, yale uliyoyageuza kwa lugha yetu mkiwa kidato cha tatu. "Sina breki, sina breki, nipisheni barabarani." Kaka, miaka ishirini tumeyapiga yale kama majigambo. Bendi yetu ilipokuwa na amplifaya nne tulidhani yule dereva anajisifu. Yakipunguzwa mwendo, unasikia kwamba mtu yule anaomba asimamishwe.

Nilipoinua uso, mume wangu alikuwa mlangoni na chakula changu mkononi. Akaniambia, kwa ile sauti ya mchanga, "Mbona unaniimbia matanga na mimi sijafa?" Akaweka chakula akaondoka. Wiki nzima hatukuzungumza, na safari hii haikuwa kwa sababu ya koo.

Jumamosi iliyofuata alirudi saa ile ile. Akakaa kwenye sofa lisilo na kitambaa, akanisikiliza nikikosea. Kwenye ubeti wa pili akaingia. Hakuimba kwa namna tuliyoijua. Alisema yale maneno nusu, akayaburuza nusu, sauti ikikwaruza na kupasuka pale pale inapotakiwa kupasuka. Ile sauti tuliyokuwa tukiililia kuwa imeharibika ilikuwa imepata nyimbo zake, na nyimbo zenyewe zilikuwa zetu zile zile.

Tukazishika moja moja, tukiazimia kufikisha saba. Ule wa mfungwa aliyetoka akakuta nyumba ina kufuli jipya. Ule wa moto kwenye ghala. Hata ule wa kijinga wa viatu vyekundu, ambao ulikuwa na solo yako ya dakika nne. Hiyo solo niliifupisha kwa noti tano, na usinikasirikie, noti tano zilitosha. Nilikata shingo ya chupa ya dawa ya kikohozi, nikaisugua ncha kwa msasa, nikawa naitelezesha juu ya nyuzi. Gitaa likawa linaongea kama mtu mwenye mafua anayesimulia siri. Tulikuwa tunafanya mazoezi jikoni Mama akichambua mchele, na yule Mama aliyeita muziki wetu "kelele za mabati" akawa anatuuliza, "Leo hamumwimbi yule mfungwa wangu?"

Pipa hakupenda. Unamkumbuka Pipa alivyo. Dramu zake ndizo watoto wake wa kwanza, na majokofu anayotengeneza ni wa kambo. Alikuja, akasikiliza nyimbo mbili, akasema, "Roki bila dramu ni harusi bila bi harusi. Mmebaki na wapishi tu." Akaondoka akiwa amenuna, na miezi mitatu hakukanyaga kwetu.

Nawe nilipokupelekea ule mmoja kwenye simu, ukanijibu maneno manne: "Mmezivua nguo nyimbo zetu." Nililia, sikufichi. Ngurumo aliyasoma akacheka kwa mara ya kwanza mwaka huo. Akasema, "Yuko sahihi. Sasa tuone kama zina mwili."

Tulipiga mbele za watu mara moja tu, kwenye kumuaga msimamizi wa zamani pale kiwandani. Ilikuwa Ijumaa saa tisa, mitambo imezimwa, harufu ya wino bado imejaa, watu wameketi juu ya marobota ya karatasi. Mwanzoni mtu mmoja akapiga kelele, "Mbona mnaimba kama mnaomba maji?" Wakacheka. Ngurumo akamngojea amalize, akaanza ule wa mfungwa. Hakuna aliyecheka tena. Msimamizi, mzee mkavu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akipangusa kitu isipokuwa mashine, alitoa kitambaa. Baadaye wale vijana wa kukata karatasi wakawa wanamwita Ngurumo kwa jina lake tena. Walikuwa wameacha.

Hivyo basi unaona nilivyokuwa. Nilikuwa na furaha, kaka. Nilijiona nimemrudisha mume wangu kwa nyuzi sita zenye kutu. Mtu mwenye furaha haangalii chini anapokanyaga.

Mwezi wa tisa mwanzoni uzi wa tatu ulikatika tukiwa katikati ya mazoezi. Ngurumo alikuwa ametoka kwenda kununua mkate. Nikafungua mfuko wa gitaa kutafuta uzi wa akiba, nikakuta bahasha ya hospitali imekunjwa mara nne, imesukumwa chini kabisa ya mfuko. Walikuwa wamemwandikia kwamba kipimo chake cha mwisho kimeonyesha kitu, na afike bila kukosa ndani ya siku saba. Tarehe yake ilikuwa ya wiki tano nyuma.

Aliporudi na mkate nilikuwa nimeishika.

"Hii ni nini?"

"Barua."

"Naona kuwa ni barua. Ina wiki tano."

Akaweka mkate mezani, akainyoosha karatasi yake kama fundi wa karatasi anavyofanya. "Zimebaki nyimbo mbili," akasema.

Sikuamini masikio yangu. Nikamwuliza kama anataka kufa kwa ajili ya viatu vyekundu.

"Wataniambia wanakata," akasema. "Najua watakachosema. Namsikia huyu mdudu nikimeza mate. Wakikata, nitakuwa nani humu ndani?"

"Mume wangu."

"Wewe uliolewa na sauti. Usinidanganye uzeeni."

Nikamrushia mkate. Huo ndio ukweli, sikumkumbatia kama wanavyofanya watu wenye busara; nilimrushia mkate ukampata begani, kisha nikakaa sakafuni nikalia na yeye akakaa pembeni yangu, makombo yametuzunguka kama kuku wamekula hapo.

Jumatatu tulikuwa hospitalini kabla mlango haujafunguliwa. Daktari wake ni mama mmoja mfupi mwenye mwandiko mdogo kama wa mchwa. Hakutukemea. Alimpitisha kwenye vipimo siku mbili, kisha akatuketisha na kuchora koo kwenye karatasi. Kitu kimerudi na kimesambaa pande zote mbili za koromeo. Litaondolewa lote, atapumulia tundu hapa, chini ya shingo, maisha yake yote. Tarehe ya operesheni ilikuwa siku tisa mbele. Ngurumo akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akauliza swali moja tu, kama katika siku hizo tisa kuimba kutamdhuru. Daktari akasema hakutaongeza wala kupunguza chochote.

Mimi nikasema hapana. Tulipofika nyumbani nikalichukua gitaa nikalifungia kwenye kabati la vitambaa, ufunguo nikautia kifuani. Nilikuwa nalichukia lile gitaa kama mtu anavyomchukia mke mwenza. Ngurumo hakubishana. Alikaa jikoni akilitazama daftari lako, analigeuza kurasa, anafunga, anafungua.

Siku ya tatu Mama akanifuata karakanani na goti lake lile. Akasimama mpaka nikazima mashine. Akaniambia, "Mwanangu, mtu anayeaga usimfunge mdomo. Utakuja kuutafuta mdomo huo." Akageuka akarudi zake, hatua moja moja, na mimi nikaenda kwenye kabati.

Nilimpigia Pipa nikamweleza. Akasema tu, "Nije na nini?"

Tulirekodi Jumamosi asubuhi, hapa hapa karakanani. Pipa aliazima kipaza sauti kimoja kizuri na mashine ndogo ya kurekodia kwa mtu wa matangazo. Tukasimamisha magodoro ya sponji ukutani, tukazungusha makochi yaliyokuwa yanangoja wenyewe, ikawa kama kibanda cha watoto siku ya mvua. Dramu hakuleta. Alikaa nyuma ya fremu ya sofa niliyoivalisha ngozi bandia, akaipiga kwa kiganja kimoja, na mkono mwingine akasugua kitambaa kwa brashi yangu ya kuondolea vumbi. Nilimtazama jinsi alivyokuwa anajizuia, mtu wa kilo zile, ananyata kama anapita karibu na mtoto mchanga. Alikuwa akitokwa machozi na hakukosa hata pigo moja.

Tulipiga nyimbo saba, kila mmoja mara moja tu. Hatukurudia kwa kuwa sauti isingeweza kurudia. Wa saba ulikuwa wa yule dereva. Kwenye ubeti wa tatu koo likamkatalia kabisa. Nikataka kuacha, akanitolea macho niendelee. Akayasema maneno yaliyobaki bila sauti, pumzi tupu, midomo ikiwa imegusa kipaza. Ukisikiliza utasikia. Utadhani ni upepo, lakini kila neno limo.

Siku ya operesheni nilimsindikiza mpaka kwenye ule mlango wa kusukuma. Nilikuwa nimejiandaa kupokea maneno makubwa, kaka. Nilikuwa nimekesha nikiyasubiri. Walipoanza kukisukuma kitanda, akanishika mkono akaniuliza, "Umefunga gesi?" Nikamwambia nimefunga. Akaridhika, wakampeleka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya sauti ya Ngurumo, na ukweli ni kwamba hata sikukumbuka kama nimefunga. Nilikimbia nyumbani kwenda kuangalia. Nilikuwa nimefunga.

Operesheni ilikwenda vizuri. Kitu chote kimetoka, wanasema kingo za walipokata ni safi, hazina ugonjwa. Anakula uji mzito na viazi vya kuponda, tundu analisafisha mwenyewe mbele ya kioo kwa uangalifu wa mtu wa mitambo. Kwa hayo nashukuru na wewe shukuru.

Lakini nilimwuliza daktari, peke yangu, koridoni. Nilimwuliza kama zile wiki tano ndizo zilizomla koromeo; kama angeenda ndani ya siku saba, wangeweza kukata kipande na kumwachia kipande. Akasema, "Wiki tano ni wiki tano, mama. Zaidi ya hapo sijui, na ninachokisia sitakwambia." Tangu siku ile nalala na jibu hilo na kuamka nalo. Nisingeligusa lile gitaa, asingekuwa na nyimbo za kumalizia. Asingekuwa na nyimbo, angeipeleka ile barua siku ile ile. Au asingeimba kabisa tangu mwaka jana, na angekufa moyo kabla ya koo. Naihesabu hesabu hiyo kwa mbele na kwa nyuma na kila mara inanipa jibu tofauti.

Yeye hajanilaumu. Hajasema lolote, na hapo usicheke, namaanisha hajaandika. Ana kijitabu na penseli shingoni. Mwanzoni aliandika mambo ya lazima tu: maji, dirisha, kesho. Wageni wakija kumpa pole wanamzungumzisha kwa kelele, kana kwamba walichokata ni masikio. Pipa alimletea zile nyimbo saba kwenye flashi. Akaipokea, akaitia kwenye droo ya kabati chini ya soksi, na droo hiyo hakuifungua tena. Kazini wamemwambia arudi akiwa tayari. Kila asubuhi anavaa nguo za kazi, anakaa kwenye kiti cha barazani mpaka saa nne, anazivua. Mama anapita mbele yake akijifanya haoni. Mimi napita nyuma.

Hii ndiyo sababu sikukwambia. Nilikuwa nasubiri kuwe na habari nzuri ya kuiweka mwishoni mwa barua. Sijui kama hii niliyonayo ni nzuri, lakini ni ya jana, nitakupa jinsi ilivyo.

Jana alasiri nilikuwa jikoni peke yangu, au nilidhani hivyo. Mama alikuwa kwa jirani. Nikalishika gitaa kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi, nikaanza kumwimba yule dereva. Mimi sijawahi kuimba, unajua. Kwenye bendi nilikuwa nikifungua mdomo mnanikanyaga mguu. Niliimba kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuimba. Ufunguo ulikuwa ule ule tuliomshushia yeye, chini kabisa, na sauti yangu haifiki huko. Ilikuwa inakwangua tu kama ndoo kwenye kisima kikavu. Lakini niling'ang'ania. Niliona nikiupandisha nitakuwa nimemnyang'anya.

Nikasikia kiti kinavutwa. Alikuwa ameketi mbele yangu. Nikaacha. Akaniashiria niendelee, nikaendelea kukwangua, na nikamwona anakunja uso kama zamani Pipa alipokuwa akiwahi pigo. Akachukua penseli, akaandika kwa haraka, akanigeuzia kijitabu:

"Hapo ni kwangu. Panda mpaka kwako."

Nilibaki nimeitazama ile sentensi. Akagonga karatasi kwa penseli, paa paa, kwamba nangoja nini.

Nikapanda. Nikajaribu mahali pa kwanza, akatikisa kichwa kukataa. Pa pili, akatikisa. Pa tatu sauti yangu ikatoka kifuani bila kusukumwa, nyembamba lakini nzima, nikastuka mwenyewe. Akafumba macho. Nikauimba wote mpaka mwisho, naye akiwa amekaa vile, mikono juu ya magoti. Nilipomaliza akafumbua macho, akaandika tena, nikadhani sasa ndiyo yale maneno makubwa. Alikuwa ameandika: "Ubeti wa pili umeukosea. Ni barabarani, si barabara." Kisha akainuka akaenda kuangalia kama chai imechemka.

Kaka, ninakuomba kitu kimoja. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea zile nyimbo saba kwenye flashi, nakala yangu mwenyewe. Zisikilize. Halafu mwandikie shemeji yako kwa mkono, siyo kunipitishia mimi kwenye simu. Usimpe pole, ana pole za kujaza gunia. Mwambie unavyoona kweli kuhusu muziki. Kama bado unaona tumezivua nguo, mwambie. Kama noti zangu tano hazikutosha pale kwenye solo yako, mwambie na hilo. Mgombeze. Tangu atoke hospitalini hakuna mtu aliyebishana naye, na naona ndicho kitu kinachomnyongonyeza.

Mimi nisipopata jibu lako nitaelewa. Yeye akikosa, sitaelewa.

Mama anakusalimu, anasema lile shati lako la kijivu bado ameliweka na nondo hawajaliona. Pipa anakusalimu na anasema fremu ya sofa ina mlio mzuri kuliko dramu zote alizowahi kununua, ila usimwambie mtu. Nisalimie wifi, umwambie lile pindo la pazia aliloniuliza linashonwa kwa ndani. Wabusu mapacha, na mmoja wao akitaka kujifunza gitaa, mwanzishie polepole.

Mungu akulinde uendako na urudipo, akupe usingizi mtulivu na mgongo ulionyooka, na atukutanishe sote tungali tunatambuana.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye kwa moyo wote,

Besi